Kadi ya Papa Ingali Hai

Katuba, Lubumbashi
Tarehe 9 Juni 2025

Mpendwa dada yangu, Yaya Abigaël,

Nakusalimu kwa mikono miwili, wewe na wote walio chini ya dari yako huko ng'ambo. Goti lako linaendeleaje? Na watoto, bado wanakataa fufu? Huku kwetu sote tu wazima, Mungu asifiwe. Baridi ya Juni imeingia na asubuhi vidole vinagoma kushika sindano, lakini cherehani yangu haijalala wiki tatu hizi.

Sasa Yaya, kaa chini kwanza. Papa, mzee wetu, amevuka mpaka! Amefika Mufulira, huko Zambia, ameozesha, amecheza mpaka viatu vikamvuka. Kama nisingeona kwa macho yangu ningesema ni uongo.

Unamkumbuka Musonda, mjukuu wa Shangazi Chama? Ndiye aliyeolewa, Jumamosi ya tarehe 31 Mei. Nilishona nguo zote za wasimamizi, kumi na moja, kitambaa cha rangi ya machungwa. Na unajua desturi yao: mama ya Musonda ni binti ya Shangazi, kwa hiyo neno la kumtoa bibi harusi ni la Papa, mjomba mkubwa. Shangazi alimpigia Papa simu akasema, "Mwansa, ukikosa kufika, nitamwambia huyu mwanaume arudi kwao na ndugu zake wote."

Hakuwa anatania. Mwaka 2021 mume wa Shangazi alipofariki, Papa alifika mpakani na masanduku yake akarudishwa, sababu walidai karatasi ya chanjo ya Covid ambayo hakuwa nayo. Alipokuja kuipata ile chanjo, mazishi yalikuwa yamekwisha zamani, na baada ya muda hakuna aliyeiuliza tena. Hajawahi kusema lolote juu ya siku ile, ila tangu hapo kila simu ya Shangazi alikuwa anaipokea akiwa amesimama.

Jumatano, siku moja kabla ya safari, nikafungua kadi yake ya manjano ile ya chanjo ya homa ya manjano, nihakikishe. Yaya, ona! Alichanjwa Machi 2011, na pembeni wameandika kwa kalamu ya buluu: mpaka Machi 2021. Imekufa miaka minne! Papa aliichukua, akavaa miwani, akaivua, akaenda kukaa uani peke yake.

Nilikimbia mpaka kwenye maegesho ya mabasi kuuliza. Kijana mmoja akaniambia ana muhuri, dakika tano tu, hakuna haja ya sindano. Nikarudi na habari hiyo nikidhani nimeleta wokovu. Papa alinitazama kama mimi ni mtoto aliyevunja sahani.

"Kiki, mimi nilipiga mihuri ku gare ya treni myaka makumi tatu. Sitavuka na cachet ya bongo. Banichome."

Muhuri wa uongo aliukataa kabisa, alitaka achomwe; basi tukaenda. Kwenye kituo cha afya tulipokelewa na muuguzi mmoja, Mama Mutale, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mwalimu wa kwaya. Papa alikuwa amekwisha kukunja mkono wa shati kabla hata ya kuketi.

"Papa, uko na myaka ngapi?"

"Makumi saba na sita. Choma tu, mama, minakuya kwa ile ya homa ya manjano. Yangu ilishakufa."

Yule mama akaiangalia kadi, akaigeuza, akamshusha Papa mkono wa shati kwa vidole vyake mwenyewe, polepole, kama anavyovishwa mtoto.

"Hii karte haikufe, Papa. Iko muzima."

"Banaandika 2021!"

"Biliandikwa zamani. Sheria ilibadilika mu 2016. Mbele, ilikuwa myaka kumi, unarudilia. Kisha baganga baliona kama shindano moja inakukinga maisha yote, basi inchi zote zikakubaliana: mara moja, mpaka kufa. Hata karte za zamani, hata kama iko tarehe juu."

Akaongeza kwamba kwa mtu aliyepita miaka sitini, sindano hiyo hawaitoi ovyo, wanapima kwanza faida na hatari. Hebu fikiri, Yaya. Mimi nilikuwa tayari kumsukuma mzee wetu achomwe kitu asichokihitaji, kwa ajili ya tarehe tu!

Unadhani Papa aliridhika? Hata! Alisema karatasi ni karatasi, iliyoandikwa mwisho ina mwisho. Mama Mutale akamwonyesha tangazo ukutani, akamsomea mstari kwa mstari. Papa akalisoma tena mwenyewe. Kisha akauliza, kwa upole sana, kama anaweza kunakili. Akanakili yote, kwa mwandiko wake ule wa reli.

Alhamisi tukapanda basi ya Mokambo, kule mpakani, kabla ya jua, nguo za harusi magotini pangu. Papa hakula, hakusinzia. Kila baada ya muda aligusa mfuko wa kifuani.

Upande wa Zambia alikuwapo kijana mwenye koti jeupe. Akaipokea kadi, akatazama jina, muhuri, aina ya chanjo, akamrudishia. "Mwaiseni, Tata," yaani karibu baba, kisha akamwita mtu wa nyuma yetu. Nikaanza kuburuta mizigo. Nageuka, Papa hajasogea!

"Lakini mwanangu," anamwambia, "hapa banaandika kama ilishaisha."

Yaya, nilitaka ardhi inimeze. Watu wote kwenye mstari wakageuka kututazama. Kijana akaichukua tena ile kadi, akaitazama, akacheka mpaka akashika meza.

"Tata, ile tarehe hatuiangaliake tena. Pita! Bantu banakungojea."

Ndipo Papa akapita. Hatua mbili, tatu, kisha akasimama akafungua mdomo, na mimi nikadhani atanilaumu kwa kitu. Alisema tu, "Njia iko wazi, Kiki," na machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi, hakuyafuta.

Shangazi alikuwa amesimama barabarani tangu asubuhi na kiti chake cha plastiki. Sitakueleza walivyokumbatiana, utalia bure huko kazini. Kwanza walienda makaburini wawili tu. Waliporudi ndipo vigelegele vikaanza.

Jumamosi Papa alitoa neno lake, fupi na zito, na Musonda akatoka. Baadaye watoto waliwakuta wazee hao wawili wamefunua mabega, wanashindana nani ana kovu kubwa la chanjo ya ndui. Mtoto mmoja akauliza ndui ni nini. Hakuna mtoto aliyejua, Yaya! Shangazi akawaambia kwamba zamani bila kovu lile hukupita njiani, na leo hakuna anayelidai kwa sababu ugonjwa wenyewe umefukuzwa duniani. Papa akasema, "Uliza vizuri, mwanangu. Sisi wenye kovu hili tulibaki wachache." Kisha akanyanyuka akaenda kucheza.

Sasa jambo lako. Ndani ya bahasha Papa anamotunza karatasi zake nimekuta kadi yako mwenyewe, ya 2009. Miaka yote unatuambia karatasi zako zimeisha. Hiyo haijaisha. Nimeipiga picha, na yenyewe naituma pamoja na barua hii. Wachanje watoto mapema, wao bado hawajapata na mkiingia huku wataulizwa. Papa ameagiza mje Desemba.

Msalimie shemeji Franck na watoto. Shangazi Chama, Musonda na mumewe wanakusalimu; Papa anakuombea njia nyeupe. Mungu akulinde katika kutoka na katika kuingia, hasa kuingia.

Mimi mdogo wako ninayekupenda na kukungoja,

Kiki