Nilimwombea Utelezi, Akateleza

Shangazi Eliwaza, shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimejifungia bafuni kwa mwajiri wangu hapa Ibra, Omani, maana ndiko pekee ambako hakuna anayeniita, na naomba unisaidie haraka kwa sababu maombi yangu yamejibiwa na tangu yajibiwe sina amani.

Mimi ni Mkristo, mwenyeji wa Tukuyu, nafanya kazi za ndani kwa Bi Ghaliya, mama mtu mzima aliyezaliwa Unguja, Kiswahili chake kitamu mpaka nikikosea neno ananirudisha nyuma niliseme upya, na huyo sina neno naye kabisa, ananiita mwanangu, na Ijumaa, ambayo huku ndiyo siku ya mapumziko na ibada zetu, nikipata lifti huniruhusu kwenda kusali Maskati. Shida yangu ni Lujain, mke wa mwanawe Badar, mwalimu wa skuli, amezaliwa hukuhuku na Kiswahili chake ni cha kubahatisha ila cha kugomba anacho cha kutosha, kahawa baridi, mchele umelowa, dada kwa nini wewe imba jikoni, na mimi huimba tenzi za kanisani polepole tu, Shangazi, simsumbui mtu.

Basi ikafika Ijumaa Kuu, nimeshapata lifti, gauni jeupe nimelipiga pasi, Bi Ghaliya kaniruhusu, mara Lujain akaja akasema, "Dada, leo hapana kwenda. Wageni yangu wanakuja kutoka Sur." Nikamwambia, "Bi Lujain, leo ni siku kubwa kwetu." Akasema, "Kanisa iko, haikimbii. Wageni yangu watakimbia. Yalla, osha baraza."

Hapo nikamkumbuka Sekela, mwenzangu wa kikundi chetu cha maombi cha kwenye simu, yeye anasuka nywele saluni kule Nizwa, alishanifundisha kwamba mtu akikuonea usibishane naye, shika Zaburi ya thelathini na tano, palipoandikwa maadui utie jina lake, uisome kwa sauti ya mamlaka. Basi nikaenda chumbani kwangu (baraza nilikuwa nimeanza kuiosha, vigae nimeshavimwagia ile sabuni ya kijani, kusuuza bado, lakini hasira ilinishika nikasema Mungu kwanza) nikapiga magoti nikaisoma, na nilipofika mstari wa sita, ule wa njia yao iwe giza na utelezi, Shangazi, nikautaja utelezi mara nyingi, na kila mara nikamtaja Lujain na mume wake na skuli anayofundisha ili kusiwe na makosa.

Sijasema amina nikasikia kishindo na yowe.

Nikatoka mbio, namkuta Lujain chali barazani, kiatu kimoja kule, sahani ya halua kule, wageni wamemzunguka, mkono wa kulia umekaa vibaya. Hospitali wakasema umevunjika, sasa umefungwa plasta. Nikamwandikia Sekela kumwomba tutubu, yeye akanijibu haleluya, akautangaza ushuhuda wangu kwenye kikundi, na sasa watu nisiowajua wananitumia majina. Mmoja yuko dukani Bidbid anataka nimwombee msimamizi wake, "siyo mkono, dada, hata kidole kinatosha". Mwingine amenitumia jina la mama mkwe wake, na picha. Nami nikwambie kweli Shangazi, kuna saa nasikia raha kuitwa mama wa maombi.

Lakini kinachonitoa usingizi ni mambo mawili. La kwanza, Lujain mwenyewe amekuwa mpole, juzi kaniita kitandani kwake akaniambia, "Dada, ombea mimi. Wewe unaomba sana, mimi nasikia wewe chumbani, wallahi." Na Bi Ghaliya akaongeza, "Mtie mwenzio katika dua zako, mwanangu, Mngu anakusikia na weye." Nikasingizia sufuria jikoni, nikatoka. La pili, Badar amesema aliyesababisha ni mzee Nadhir, mtunza bustani, kwamba aliacha mpira wa maji ukavuja barazani, na amemwambia mwezi ukiisha asirudi. Mzee wa watu kaapa kwamba hakuwasha maji siku ile, hakuna aliyemsikiliza, sasa anaaga mitende mmoja mmoja.

Sasa swali langu ni hili, je, maombi nikishayapeleka yanaweza kurudishwa, na kuna mstari gani wa kuunga mfupa? Tafadhali usinitaje jina.

Wako, Mwombaji wa Ibra.

*

MAJIBU YA SHANGAZI ELIWAZA

Marahaba, mwanangu. Jina lako sikulitaja kama ulivyotaka. Ila ya wenyeji wako ulinimwagia yote, pamoja na jina la skuli, nami ndiye niliyeyabadilisha. Hiyo ni alama ya kwanza kwamba huruma yako umeielekeza kwako mwenyewe.

Nakupa pole ya Ijumaa Kuu, na naitoa kwa moyo wote. Ulikuwa na ruhusa, gauni limenyooshwa, halafu mtu akakwambia kanisa halikimbii. Hata mimi ningekasirika. Lujain alikosea, na kukasirika siyo dhambi yako.

Sasa tuzungumze habari ya sabuni.

Umeifungia kwenye mabano, mwanangu, ukadhani shangazi hasomi mabano? Umeniandikia mistari mingi kuhusu mamlaka ya Zaburi, na kuhusu sabuni umenipitishia kimyakimya, kama mtu anayepita mbele ya mlango wa mdai. Vigae vyenye sabuni havihitaji malaika. Angepita mchungaji wako mwenyewe na Biblia kwapani, angeanguka vilevile. Kwa hiyo swali la kurudisha maombi liache. Mungu hakuvunja mkono wa mtu kwa sababu ulipaza sauti. Wewe uliacha kazi katikati.

Na hiyo Zaburi nani alikwambia inaishia mstari wa sita? Ina mistari ishirini na nane. Ungeendelea kidogo ungefika wa kumi na moja, Daudi analia kuhusu mashahidi wadhalimu. Leo hapo Ibra, shahidi huyo ni nani, kama siyo wewe unayejua ukweli na kunyamaza huku mzee Nadhir akiaga mitende? Nenda tena mbele kidogo, wa kumi na tatu, Daudi anasema maadui zake walipougua yeye alivaa gunia akafunga kwa ajili yao. Sekela alikufundisha kipande, kama anayemwonjesha mtu pilipili akamwambia ndiyo pilau.

Unaniuliza mstari wa kuunga mfupa. Sina. Mfupa uachie madaktari, unaungwa vizuri tu. Ninao mstari wako wewe, Mathayo wa tano: ukiwa madhabahuni ukakumbuka mwenzako ana neno nawe, iache sadaka yako hapohapo, uende mkapatane kwanza. Maana yake, usipige goti lingine kabla hujaenda kwa Badar. Umwambie, "Sabuni ilikuwa yangu, mzee Nadhir hana kosa." Habari ya Zaburi utamweleza Lujain siku akiuliza. Ya sabuni useme leo. Utaogopa, najua, uko ugenini na kazi ni kazi. Mwanzie Bi Ghaliya, mwombe akae pembeni yako wakati unasema. Halafu utoke kwenye hicho kikundi, na picha ya mama mkwe wa watu uifute. Na kumwombea Lujain siyo maneno tu. Ana mkono mmoja. Wewe unayo miwili.

Wasomaji wangu, kwa kawaida huishia hapa. Lakini huyu aliandika namba yake, na sikuweza kungoja gazeti litoke wakati mzee wa watu anafungasha. Nilimpigia. Akalia, akanikatia simu, nikasema haya, nimempoteza.

Kesho yake akanipigia mwenyewe. Alisema yote, akiwa amekaa miguuni pa Bi Ghaliya. Badar alikasirika sana, kisha akachukua gari akaenda mwenyewe kwa mzee Nadhir kumwomba radhi. Mzee alirudi, akamwuliza dada yetu jambo moja tu, kama chai ipo.

Lujain ndiye aliyesumbua. Aliuliza, "Sabuni tu? Na ile kelele ya chumbani, 'Lujain, Lujain', ilikuwa nini?" Dada yetu akamweleza, mpaka utelezi. Lujain akamtazama weee, akasema, "Kwa hiyo mimi ni adui?" Akajibiwa, "Siku ile, ndiyo, bibi." Jioni yake ikawa shida ya kuosha nywele, mkono mmoja hautoshi, akaita, "Dada, njoo." Dada akamwinamisha kwenye beseni, akaanza kummiminia maji.

"Sasa ombea mimi," Lujain akasema chini ya povu. "Kwa sauti. Nataka kusikia jina yangu mahali nzuri."

Akaombewa hapohapo, bila Zaburi, kwa maneno ya kawaida: apone, alale vizuri, Ijumaa zijazo ziwe na heri kwa wote wawili.

"Amin," akasema Lujain. "Maji moto. Punguza."