Mama Aliyewataja Wanyama Wake

Shikamoo Baba,

Stockholm kunanyesha mvua ya theluji tangu asubuhi. Leo kwenye mkutano wetu wa watafiti wa nchi za barafu, mama mmoja mfugaji kutoka kaskazini alipewa dakika chache azungumze. Kwao hufuga kulungu wa baridi, wanyama wa theluji wenye pembe kama matawi. Alisema mvua ilinyesha juu ya theluji ikaganda, wanyama wakachimba barafu wakitafuta malisho mpaka kwato zikatoka damu. Kisha akaanza kuwataja waliokufa kwa njaa, mmoja mmoja, kwa majina.

Mwenyekiti akamkatiza: “Samahani, muda umekwisha. Tupe idadi tu.”

“Idadi mnayo,” akajibu, akaendelea mpaka kipaza sauti kikazimwa. Akashuka jukwaani, akatoka.

Nilimfuata nje. Akaniuliza kama kwetu tunafuga.

“Baba alikuwa na ng’ombe. Ukame uliwamaliza.”

“Walikuwa wakiitwaje?”

Baba, sikuyajua majina yao. Mwaka ule nilikuja nyumbani na dodoso langu la utafiti wa ukame, nikakuuliza wamekufa wangapi, nikaandika, nikaondoka.

Msalimie sana Mama. Mungu akutunze mpaka nirudi, nikae nawe unitajie wote.

Mwanao akupendaye,
Neema