Mbao za Kaburi la Adeer Gedi

Jumatano, Garissa. Joto limeamka kabla ya watu na upepo umelala huko mtoni.

Adeer Gedi, mzee tuliyemwita ami, amefariki asubuhi. Yeye na marehemu baba ndio walioanzisha kiwanda chetu cha kupasua mbao, wakati hata mashine haikuwepo. Walichimba shimo, baba akasimama juu ya gogo, Adeer akaingia chini, wakavutana msumeno mmoja. Unga wote wa mbao ulimmwagikia Adeer. Alikuwa akitoka shimoni mweupe mpaka ngamia wanakimbia. Hapo nimeongeza kidogo, lakini kidogo tu.

Desturi ya kiwanda ni hii: mtu wa mtaa akifa, kazi nyingine zinasimama, tunapasua mbao za kufunika mwanandani, lile shimo dogo ndani ya kaburi, ili udongo usimguse maiti. Hatuchukui chochote. Na maiti hangoji. Wazee walisema wanamzika baada ya alasiri.

Mbao zote nilikuwa nimewauzia wajenzi jana.

Lilibaki gogo moja la mathenge, ule mti wa miiba, lililotoka kwenye boma la zamani la mbuzi. Dada yangu Halima, ambaye ndiye anayeendesha injini, alinionya kwamba miti ya bomani ina waya. Wafugaji huuzungusha kwenye shina, mti unanenepa, unaumeza. Akataka nilichanje gogo kwa panga kwanza, kama baba alivyokuwa akifanya.

Lakini wazee walishafika, wamekaa, wananitazama. Na mji mzima unajua nilivyojitangaza, kwamba mimi nasikia chuma ndani ya mti kama ngamia anavyonusa mvua. Nikaligonga gogo kwa ngumi, nikatega sikio.

"Safi," nikasema. "Washa."

"Abboowe, kaka yangu, una hakika?" Halima akauliza.

"Abaayo, dada yangu, mimi nimepasua mbao wewe hujaota meno."

Ukweli ni kwamba sikusikia kitu. Nilisikia moyo wangu tu.

Ubao wa kwanza ulitoka vizuri. Kwenye wa pili msumeno ukalia kama mnyama, cheche zikaruka, halafu meno yakakatika. Jino moja lilipita kati ya mkono na ubavu wangu, likajikita kwenye nguzo. Hakuna aliyeumia, alhamdulillah.

Msumeno wetu ulikuwa huo mmoja tu.

Adhana ya alasiri ikaanza. Halima alizima injini, akaja na nyundo. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza.

"Tung'oe meza," akasema.

Meza ya mashine, zile mbao nzito ambazo gogo huteleza juu yake. Baba na Adeer walizipasua wenyewe kule shimoni. Misumari ilitoka ikilia. Wazee wakainuka, wakazibeba mabegani.

Makaburini zilitosha. Zilitosha kabisa.

Mwana wa Adeer alitoka Wajir, akafika moja kwa moja kaburini. Tulipomaliza kufukia alinishika mkono, akauliza kama mbao zile nimezipasua mimi.

"Nani mwingine?" nikamwambia. "Mathenge, ngumu kama chuma. Kabla chai haijapoa nilikuwa nimemaliza."

Wazee walisikia. Mmoja akakohoa.

Sasa nimekaa nafikiri jambo linalonikera kuliko ule msumeno. Mimi nimesimulia makubwa maisha yangu yote, fisi niliowafukuza kwa kiatu, mafuriko niliyoyavuka nikielea juu ya mlango. Leo nilikuwa na jambo kubwa kuliko hayo, na la kweli: mzee amefunikwa kwa mbao alizozipasua mwenyewe. Nikamnyima mwanawe, nikampa uongo mdogo wa kunisifu mimi.

Amesema kesho asubuhi anakuja kiwandani, anataka kusimama mahali baba yake alipofanyia kazi. Atakuta mashine haina meza.

Nitaanzia wapi kumweleza?