Picha ya Baba kwenye Kakao ya Watu

Jumanne, 6 Mei
Suruali za shule tena, za kukunja upindo. Sindano imevunjika. Mguu unauma kwa kukanyaga cherehani.

Neema amerudi kutoka kazini Randburg amechangamka. Binti yangu ni wa mapokezi kwenye ukumbi wa yoga. Jumamosi kuna sherehe ya kakao: watu wanakaa duara, wanakunywa kakao chungu, wanafumba macho. Ataiongoza mama mmoja Mmaya kutoka Guatemala, anaitwa Marta. Kwao kakao ni kinywaji kitakatifu, anasema Neema. Nikamwambia kwetu Beni, Kongo, kakao ni shamba alimouawa babu yako. Nilisema kwa ukali. Nilikusudia.

Alhamisi, 8 Mei
Mteja amenionyesha tangazo kwenye simu yake, hapa dukani ninaposhona, Kensington. Picha ya baba! Shati lake jeupe, kofia mkononi, mshumaa upande huu, maua upande ule. Chini, kwa Kiingereza: tumkumbuke mzee wa kakao kutoka Kongo.

Mzee wa kakao! Baba alikuwa mkulima. Alikausha mbegu juu ya turubai, akauza, akafa hajaonja chokoleti. Watu wenye silaha walimkuta akivuna. Alizikwa haraka pamoja na majirani, mimi nikiwa huku ugenini bila karatasi za kusafiria. Sasa kawa pambo la sherehe ya wageni.

Picha alitoa Neema. Eti heshima. Bosi wake akaisambaza bila hata kuniuliza. Nina hasira. Nimekata vibaya kitambaa cha mtu.

Ijumaa, 9 Mei
Nimerudi nyumbani Bertrams, nikakuta wamama wa kanisa mlangoni. Mikeka, sufuria, mifuko ya sukari. Tangazo limewafikia na wao. Picha, mshumaa, maua: kwetu Wakongo hiyo ina maana moja tu, na hakuna aliyejisumbua kusoma maneno ya chini.

Mama Kahindo, kiongozi wao, alinikumbatia analia.

"Dada, unafiwa na baba, na hautuambie?"

Aibu. Hasira juu ya aibu. Nikawaambia alikufa miaka mingi iliyopita, warudi makwao. Hakuna aliyesogea. Mama Kahindo akauliza kama nilimkalia matanga. Hapana. Ningekaa na nani? Nilikuwa mgeni mji huu, na nilikuwa nimemnunia Mungu.

"Basi tunakaa," akasema. Akaanza kusukuma kochi langu ukutani bila ruhusa yangu.

Nawachukia wote. Neema zaidi.

Jumamosi, 10 Mei
Waliimba tangu asubuhi. Mimi nimekaa mkekani kama gogo. Chozi hakuna. Neema hakwenda kazini; amekaa kona ya chumba, hathubutu kuniangalia.

Mchana akaja Marta. Mama mfupi, sketi ya kufumwa, picha ya baba ameishika kwa mikono miwili. Neema alitafsiri Kiingereza chake, chenye lafudhi nisiyoizoea. Bosi alimwambia Marta kwamba nimekubali. Leo hakumwona Neema, akampigia simu, akajua ukweli. Akaitoa picha madhabahuni, akakataa kuongoza sherehe, akawaacha watu kwenye mito yao ya kukalia.

Kwao, alisema, kakao hunywewa usiku wa kukesha kabla ya kupanda mahindi. Kwanza hupewa milima na wafu, ndipo watu wanywe. Lakini ni wafu wako, unaowajua kwa majina. Wafu wa mwenzako huwagusi mpaka watu wao waseme. Alisema hayo amekunja ngumi. Hasira yake niliielewa kabla Neema hajatafsiri. Ni mtu wa kwanza wiki hii niliyemwelewa.

Akauliza jina la marehemu.

Paluku, nikasema. Paluku, baba yangu. Sikuweza kumaliza. Nililia kwa sauti ambayo sikujua kama ninayo, na wamama wakaipokea.

Jumapili, 11 Mei
Wameondoka kwenda ibadani. Nyumba kimya.

Jana jioni Marta alipika kakao kwenye sufuria yetu. Wamama walinusa kwa mashaka. Mama Kahindo aliiombea kwanza kwa jina la Yesu, kwa nguvu, ndipo akaonja, akakunja uso, akatia vijiko vya sukari. Marta alimwaga kidogo kwenye udongo wa uani, kwa ajili ya watu wake. Mimi sikumwaga, si desturi yetu. Nilikunywa. Chungu. Nimekulia ndani ya kakao, na sikuwahi kuinywa.

Bosi wa Neema bado namdai maneno. Kesho nitapanda teksi hadi Randburg, nimwambie mwenyewe.

Neema ameleta chai, akakaa mkekani karibu nami. Ameniuliza babu alikuwa anachekeshwa na nini. Si alikufaje. Alikuwa anachekeshwa na nini.

Mbuzi wa jirani, nimemjibu. Nikaanza kumsimulia.