Ufa wa Mlango Wako

Kaka,

Huku hatujambo, ila Baba macho yamepungua nguvu. Unaukumbuka ule ufa wa juu ya mlango wa chumba chako? Kila mlipogombana na Baba ukabamiza mlango, alichora alama ya penseli pale ufa ulipofikia, akaandika na tarehe. Alama ya mwisho ni ya siku uliyoondoka, miaka tisa sasa.

Juzi fundi aliukagua akasema haujasogea tena, unaweza kuzibwa. Nikakoroga saruji. Baba akanipokonya mwiko.

"Acha kwanza," akasema. "Mwenye mlango akija ataubamiza tena, tutakuwa tumeziba bure."

Leo asubuhi nimemkuta kibarazani anachonga penseli.

Mdogo wako,
aliyekuwa akijificha chini ya meza mkigombana