Vifungo Sita vya Gari ya Amadi

Mocímboa da Praia, Jumatano, baada ya adhuhuri

Kwako Somoe, mdogo wangu, huko Mikindani,

Pokea salamu zangu nyingi. Kabla hujauliza: mimi mzima, nakula, na wakati wa chakula natembea bila mkongojo. Goti lako la kushoto vipi? Na huyo mumeo, bado anakoroma, au hatimaye umemziba?

Habari kubwa ni kwamba kaka yako sasa ni fundi magari. Mji mzima wananijua. Magari yanapanga foleni mlangoni tangu alfajiri, na wenyewe wananiita mekaniku.

Haya, uongo. Gari ni moja, ya marehemu Amadi ndugu yetu, na injini sijaigusa. Nafunga plastiki tu. Na aliyeniita mekaniku ni Mwanaisha, mjane wake, na siku hiyo alikuwa amenuna.

Nikueleze. Juu ya tairi ya mbele kuna ukingo wa plastiki wa kuzuia matope. Ulikuwa unaning'inia tangu Amadi yu hai. Unashikwa na vifungo sita vya plastiki, hapa wanaviita grampu, kila kimoja na kipini chake katikati. Eda ya Mwanaisha ilipokwisha, akasema anarudi kwa mama yake, kijijini Mute, akalime, na gari aende nayo. Ni yake, hakuna mwenye neno. Mimi nikadakia: "Gari ya ndugu yangu haitoki hapa mdomo umelegea. Nitaifunga mwenyewe."

Unanijua, maisha yangu yote ni vitanda. Mfumbati wa ubavuni ukikataa kuingia kwenye tendegu la mguuni, unaupaka mafuta ya nazi, unagonga, basi. Na vifungo nikavipaka mafuta ya nazi. Vikaingia vitamu kabisa! Chande, kaka yake Mwanaisha, akawasha gari tuijaribu mpaka bandarini. Hatujafika, mama mmoja muuza muhogo akapiga kelele: "Babu! Gari yako inavua nguo!" Kutazama nyuma, ukingo uko chini, vifungo vimetawanyika njiani kama meno yangu.

Chande alicheka mpaka gari ikazimika. Mimi nami nilicheka, kwa mdomo.

Baadaye nikajua namna yake. Kifungo kiwe kikavu. Unakitia tunduni kipini kikiwa kimechomoza, halafu unasukuma kipini mpaka kilale sawa. Miguu inapanuka kule ndani, hakitoki tena. Kazi ya nusu saa. Mimi imenichukua wiki tatu.

Nakwambia wewe tu. Mwanaisha akienda, nyumba ya Amadi inafungwa. Nilikuja kuzika, siku tatu nirudi, na huu mwezi wa sita. Hapa kuna kiti chake, kuna chungu jikoni, kuna mtu anayesema "Amadi hakupenda chumvi nyingi." Hicho ndicho kilichobaki cha ndugu yetu. Basi nikifunga asubuhi, alasiri nafungua. Kimoja nilikivunja kusudi. Vipya alivyoagiza Mwanaisha kutoka Palma nikavitia kwenye kopo la ugoro, nikalikalia.

Watu wakadhani namtaka. Mzee mmoja msikitini akaninong'oneza nimrithi. Nikamwuliza, kwa kiuno hiki?

Leo asubuhi Mwanaisha akanisimamia kichwani.

"Shemeji, vifungo viko wapi?"

"Wamekula panya."

"Panya wanakula plastiki?"

"Panya wa hapa wana shida."

Hakucheka. Akasema, "Unafunga asubuhi, unabomoa alasiri. Nakuona dirishani. Mama yangu shamba linamshinda, shemeji. Ijumaa naondoka, hata gari ikiwa uchi."

"Nani kakuzuia? Mimi nakutengenezea gari."

"Inuka hapo ulipokaa."

Nikainuka. Akachukua kopo, akavipangusa ugoro kimoja kimoja kwa khanga yake. Akapiga magoti, akaushika ukingo. Mimi nikasukuma vipini. Kt. Kt. Hata cha sita. Tukautikisa, haukucheza. Akasema tu, "Ahsante, shemeji," akaenda kufunga vyombo. Mimi nikanawa mikono, nikala muhogo sahani mbili.

Somoe, sijalia. Siku ya maziko nikasema ni uchovu. Arubaini nikakaa karibu na moshi wa kuni, labda utanisaidia, haukunisaidia. Leo nikasema kifungo cha mwisho kikilia, na mimi nitalia. Wapi. Ni kama mguu ulioukalia ukafa ganzi, ila huu hauchomi.

Ijumaa nami napanda gari hiyo hiyo mpaka Mute, kisha nitafute njia ya kuvuka Ruvuma nije nyumbani. Msalimie shangazi Bi Hadija, mwambie sijafa, asikigawe kitanda changu. Msalimie binti yangu Asha na mumewe mvivu, na huyo mkoromaji wako.

Na wewe una deni langu. Ulipovunja kioo cha taa ya mama nilisema ni mimi, nikachapwa, nikalia kwa niaba yako mpaka majirani wakajaa uani. Sasa nirudishie. Ukiniona mlangoni usiniulize habari za njiani, wala usinipe maji. Nishike mkono, uanze kulia wewe, kwa sauti, nami nijaribu kukufuata.

Kaka yako,
Salumu