Kiti cha Karibu na Mlango

Kibeta, Bukoba
Novemba 20, 2023

Mama mpendwa,

Shikamoo. Lilian mjukuu wako anakusalimu. Masikio yanaendeleaje? Sisi huku wazima, isipokuwa magoti yangu, ambayo sasa yameanza kulalamika kama yako.

Kipaimara cha Lilian ni Jumapili, Desemba 10. Baada ya ibada nataka twende wote tisa tukale mjini, kwa sababu sitaki kushinda jikoni siku ya mwanangu. Kazi ni kupata mahali. Mdogo kabisa ana miaka minne, na baba mkubwa Ta Byabato ana themanini na moja na hana meno. Vijana wanataka chipsi. Hoteli moja ina ngazi nyingi, nyingine ina muziki ambao hata wewe ungeusikia. Niambie unataka kula nini, nianzie hapo kutafuta. Jibu mpe Mujuni, dereva wa basi.

Mwanao,
Joanitha


Ngenge, Muleba
Novemba 24, 2023

Mwanangu Joanitha,

Salamu nimezipokea kwa furaha. Mimi mzima, migomba imesimama vizuri. Sikio la kushoto limekufa kabisa, ndiyo maana nakuandikia badala ya kupiga kelele kwenye simu.

Umeuliza ninachotaka. Nataka senene.

Najua umeshtuka. Nilikaa na marehemu baba yako miaka hamsini na miwili. Kila msimu niliamka alfajiri kuwaokota, nikawachambua mabawa na miguu mpaka vidole vikauma, nikawakaanga, nikampelekea. Akawala na kaka yake Byabato, kwa sababu senene ni chakula cha wanaume. Mimi nilipewa kitenge, ndiyo desturi, na nikashukuru. Vitenge vyote vimechakaa na sijui hata senene ana ladha gani. Nina miaka sabini na sita. Nitawala mezani, mchana, mbele ya watu, na Byabato akiwepo. Kwa hiyo tafuta mahali wanapowakaanga vizuri. Mengine sijali.

Mama yako,
Klaudia


Kibeta
Novemba 29, 2023

Mama,

Shikamoo. Natumaini sikio la kulia bado linakutii. Huku ni mvua kila siku, lakini afya tunayo.

Nimepata hoteli kando ya ziwa. Haina ngazi hata moja, ina kuku, ina chipsi za watoto na ndizi laini za baba mkubwa. Meza nimeshaagiza. Senene tu ndio wamekosekana. Mpishi anasema mwaka huu hawakutua Bukoba. Nisamehe, utakula sato mzuri.

Mwanao,
Joanitha


Ngenge
Desemba 2, 2023

Joanitha,

Huku wazima.

Mujuni anasema senene wanauzwa stendi ya Bukoba kwa sado, wabichi na waliokaangwa, na juzi alikula akisubiri abiria. Kwa hiyo umenidanganya, tena kwa mwandiko mzuri.

Najua aliyekutisha. Byabato amekwambia nini? Mimi nitakuja kanisani, nitamwona Lilian akiwekewa mikono, kisha nitapanda basi la Mujuni nirudi kwangu. Mezani kwenu sikai. Samaki hata huku tunao.

Ni mimi mama yako, bado,
Klaudia


Kibeta
Desemba 5, 2023

Mama waitu, mama yangu,

Shikamoo. Sikuulizi hali leo, naona aibu.

Ni kweli. Baba mkubwa alisikia unachotaka kula, akanipigia simu. Alisema, "Mwanamke akitia senene mdomoni mbele yangu, nitainuka, na ukoo mzima utajua." Niliogopa. Mimi ni mwalimu wa miaka arobaini na minane, nafundisha watoto wa watu wasiogope kusema, na nilimwitikia ndiyo baba, nikaenda kutafuta hoteli isiyopika senene. Nilizunguka hoteli tano nikiuliza hilo tu.

Ile meza nimeifuta. Tutakula kwa Immakulata, mama lishe wa nyuma ya soko. Ni chumba kimoja, hakina ngazi wala muziki. Chipsi anakaanga, ndizi anaziponda mpaka asiye na meno afurahi, na senene wake wanasifiwa mji mzima. Sahani ya kwanza ni yako. Baba mkubwa nimempangia kiti cha karibu na mlango, ili akitaka kuinuka asihangaike kupita kwenye magoti ya watu. Nimemwambia hivyo mimi mwenyewe, kwa simu. Alikata.

Njoo, Mama.

Mwanao,
Joanitha


Ngenge
Desemba 13, 2023

Mwanangu,

Nilifika salama. Mgongo unauma kwa sababu ya basi, lakini si wa kunilaza. Mwambie Lilian gauni lilimpendeza.

Nimekaa siku tatu nikifikiri niandike nini. Nilidhani nikiwala nitakuta ni kitu cha kawaida tu, nicheke, yaishe. Kumbe ni watamu. Ni watamu sana, Joanitha, na nimekasirika upya. Wale wanaume walijua miaka yote, wakanipa vitenge.

Byabato aliinuka kweli, ulimwona. Akasimama mlangoni na fimbo yake, na hakuna aliyekwenda kumbembeleza. Akasimama mpaka akachoka, akarudi kwenye ndizi zake zilizokwisha kupoa. Ukoo umejua, na mvua inanyesha kama kawaida. Lilian peke yake alimaliza viganja viwili vya senene.

Lakini na wewe nilikuona. Sahani ilipokufikia uliipitisha kwa mumeo, ukasema umeshiba. Hukuwa umeshiba. Ulikuwa unatazama kile kiti cha mlangoni. Sikio limekufa, macho bado ninayo.

Mujuni anakuletea kopo. Nimewaokota mwenyewe, nimewakaanga kwa chumvi na kitunguu. Si wa mumeo wala wa wageni. Ni wako.

Mama yako,
Klaudia


Kibeta
Desemba 17, 2023

Mama,

Shikamoo. Sote wazima, magoti yametulia.

Jana baba mkubwa alikuja kutusalimia. Nilitoa kopo kabatini, nikakaa mezani mbele yake, nikafungua. Kiti nilimwachia achague mwenyewe.

Ulinifundisha kwamba chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Nilipokuwa mdogo, nikirudisha sufuria ya jirani bila hata yai moja ndani, uliniita nianze safari upya. Leo nimekaidi. Mujuni anakurudishia kopo lako. Lifungue, lipindue, ulitikise.

Halina kitu.

Mwanao,
Joanitha